Damu Isiyojaza Chupa ya Soda

Leo nimeingia studio na chupa ya soda. Mlio huo mnaousikia ni kalamu yangu inaigonga. Chupa ni tupu. Ni ile ya kioo, ya mililita 350, ambayo mwenye duka hakubali uondoke nayo. Nimekuja nayo kwa sababu ya hesabu moja iliyoninyima usingizi wiki hii. Mtoto mchanga wa kilo tatu ana damu ya mililita 250 hivi mwili mzima, kuanzia utosini hadi kwenye ukucha wa kidole cha mguu. Ukiimimina yote humu, chupa haijai.

Sasa tuseme mtoto huyo amevuta choo chake cha kwanza mapafuni wakati wa kuzaliwa. Mapafu yamegoma. Mashine ya kupumulia imesukuma hewa mpaka mwisho wa uwezo wake, na midomo ya mtoto bado ni ya bluu. Njia iliyobaki ni moja: itolewe damu nje ya mwili, ipitishwe kwenye pafu la bandia, isukumwe na pampu irudi ndani. Ndiyo tiba ambayo madaktari wanaiita ekmo. Lakini pampu, mipira na pafu hilo haviwashwi vikiwa vitupu, maana hewa ikiingia kwenye mshipa inaua. Lazima vijazwe kwanza, kwa maji yenye chumvi na, kwa mtoto mdogo namna hii, damu ya watu wengine. Mashine za zamani zilitaka lita kadhaa. Mtoto ambaye damu yake haijazi chupa ya soda anaunganishwa na kitu kinachotaka ndoo.

Ndiyo maana leo nataka tuzungumze juu ya udogo. Simu ikipungua unene, ni umaridadi tu. Kwenye pampu ya damu na pafu la bandia, ambalo wahandisi huliita oksijeneta, kila sentimita ya mpira inayoondolewa ni damu inayobaki mwilini mwa mwenyewe. Watu wametumia maisha yao yote kuzitafuta hizo sentimita, na nadhani wanastahili kusimuliwa.

Kisa kinaanzia Boston, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1930. Daktari kijana, John Gibbon, alipangiwa kukesha kando ya kitanda cha mwanamke ambaye donge la damu lilikuwa limeziba mshipa wa kwenda mapafuni. Kazi yake ilikuwa kupima mapigo na presha, kuandika, na kungoja. Enzi hizo upasuaji wa kuliondoa donge la namna hiyo ulikuwa jambo la kujaribiwa mgonjwa akiwa tayari anakata roho. Usiku kucha Gibbon aliitazama mishipa ya mwanamke yule ikivimba na damu yake ikizidi kuwa nyeusi. Asubuhi walimpasua, hakupona. Katika mkesha ule ndipo daktari alipojiuliza kwa nini damu ile nyeusi isingechotwa, ikaoshwa kwa oksijeni nje ya mwili, ikarudishwa upande wa pili wa donge.

Alilifanyia kazi swali hilo kwa zaidi ya miaka 20, yeye na mkewe Mary, aliyekuwa fundi stadi wa maabara. Walianza na paka, na paka walipopungua Gibbon alitoka usiku mitaani na kipande cha samaki na gunia. Tarehe 6 Mei 1953, mjini Philadelphia, mashine yao ilibeba kazi yote ya moyo na mapafu ya msichana wa miaka 18, Cecelia Bavolek, kwa dakika 26, huku Gibbon akiziba tundu lililokuwa ndani ya moyo wake. Msichana alipona. Mashine hiyo, iliyojengwa kwa msaada wa wahandisi wa IBM, ilikuwa na ukubwa wa piano, na ndani yake damu iliteremka juu ya vichujio vya waya kama utando mwembamba katikati ya oksijeni. Wagonjwa waliofuata walifariki, na Gibbon hakuigusa tena.

Mwaka uliofuata, Minneapolis, daktari Walton Lillehei aliamua kufanya bila mashine kabisa. Alimlaza mtoto mwenye tundu la moyo, na kando yake akamlaza mzazi wake. Damu ya mtoto iliingia kwenye mshipa wa mzazi, ikapita kwenye mapafu ya mzazi, ikarudi nyekundu kwa mtoto. Pampu iliyokuwa katikati yao ilikuwa imebuniwa kwa ajili ya viwanda vya maziwa na vyakula. Watoto 45 walipasuliwa hivyo, na 28 walitoka hospitali wakiwa hai, katika siku ambazo wengi wao wasingekuwa na tumaini lolote. Nimemfikiria sana baba anayelala kwenye meza ya upasuaji akiwa mzima, anatazama dari, na kifua chake kinapumua kwa ajili ya watu wawili.

Basi kifaa tunachokizungumzia kinashindana na kifua cha yule baba. Mapafu yake yakitandazwa yanafika karibu mita za mraba 70, sakafu ya nyumba ndogo ya vyumba viwili na sebule, na yote yamekunjwa ndani ya mbavu. Ukuta unaotenganisha hewa na damu humo ni mwembamba kuliko sehemu ya elfu ya milimita, na chembe nyekundu hupita moja moja, zimepanga foleni.

Msaidizi wa Lillehei, Richard DeWall, alipata njia ya mkato mwaka 1955. Alipuliza oksijeni moja kwa moja ndani ya damu, viputo kwa viputo, kama mtoto anayepuliza maziwa kwa mrija, kisha akaliua povu kwa dawa ya silikoni na kuiacha damu itulie katika mpira mrefu wa plastiki uliozungushwa kama kamba ya kisimani. Kilikuwa kitu cha bei ndogo sana, nacho ndicho kilichoutoa upasuaji wa moyo katika hospitali chache tajiri na kuupeleka kwingine. Lakini kiputo kinaichubua damu. Kwa saa chache za upasuaji mwili unavumilia. Kwa siku kumi, hapana.

Jibu la siku kumi lilikuwa limeonekana Uholanzi wakati wa vita kuu ya pili, kwa bahati. Willem Kolff, aliyetengeneza figo ya bandia kwa karatasi laini ya selofeni, ile ya kufungia soseji, aliona kwamba damu iliyoingia nyeusi kwenye figo yake ilitoka imeng'aa. Oksijeni ilikuwa imepenya utando. Kumbe hewa na damu hazina haja ya kugusana.

Hebu niwaeleze pafu la bandia la leo, kwa sababu nimewahi kuliweka kiganjani. Ni boksi la plastiki angavu ambalo mkono mmoja unalibeba. Ndani mna nyuzi maelfu, kila moja nyembamba chini ya nusu milimita na yenye uwazi katikati kama mrija wa soda. Oksijeni inapita ndani ya uzi, damu inapita nje yake. Nyuzi hizo hazikurundikwa ovyo. Zimeshonwa ubavu kwa ubavu zikawa mkeka, na mikeka ikalazwa tabaka juu ya tabaka, kila tabaka likikingama na lililo chini yake. Pafu la mtu mzima ukilifumua lote unapata chini ya mita mbili za mraba. Mkeka wa kulalia mtu mmoja, wasikilizaji, unaofanya kazi ya sakafu ya nyumba.

Unawezaje? Kwanza, mgonjwa amelala. Mwili uliotulia unahitaji mililita 250 hivi za oksijeni kwa dakika, na ile sakafu yote ya nyumba tuliumbiwa tuweze kukimbia na kupanda mlima. Pili, ni ule mkingamo wa mikeka. Damu ikipita wima bila kusumbuliwa, tabaka linalogusana na uzi linakuwa jekundu na kushiba, na lililo nyuma yake linapita likiwa na njaa vilevile lilivyoingia. Mkingamo unailazimisha damu ijipinde, igeuke, wa nyuma aje mbele. Pembe ya kuzilaza hizo nyuzi na nafasi kati ya uzi na uzi ni mambo ambayo mhandisi anaweza kuyafanyia kazi miaka mingi, na kila akiyapatia, boksi linapungua.

Kuna kitu ambacho tiba hii inamwonyesha kila anayesimama karibu nayo. Mpira unaoingia kwenye boksi una damu ya rangi ambayo sisi Waswahili tunayo tayari kwenye vitambaa: damu ya mzee. Mpira unaotoka una wekundu wa pilipili iliyoiva. Kati ya rangi hizo mbili kuna upana wa kiganja tu. Mama akiketi kando ya kitanda, hahitaji kusoma kioo cha mashine. Anaangalia ile mipira miwili. Wakati wowote miwili hiyo ikifanana rangi, kuna jambo haliko sawa.

Nyuzi za mwanzo zilitengenezwa kwa plastiki yenye vitundu vidogo sana. Kwa saa chache zilifanya kazi vizuri, kisha maji ya damu yalianza kuvujia upande wa hewa, pafu likajaa kimiminika, likabadilishwa, na kila kubadilisha ni hatari. Plastiki iitwayo polimethilipenteni, yenye ngozi nyembamba isiyo na vitundu, ndiyo iliyofanya pafu moja lidumu siku nyingi, hata majuma.

Tuje kwenye pampu, ambako naona ndiko uliko ugumu mkubwa zaidi.

Damu inataka usiisumbue, na wakati huohuo haitaki isimame. Pampu ya zamani ni ya magurudumu yanayokamua mpira, kama unavyokamua dawa ya meno. Ni imara, rahisi, lakini ni kubwa na inauchakaza mpira. Pampu ndogo za sasa ni za kuzungusha. Ndani ya kikombe mna sahani yenye mapezi inayozunguka mara elfu tatu na zaidi kwa dakika, na damu inarushwa ukingoni kama maji ya ndoo unapoyazungusha kwa mkono. Ukitaka pampu iwe ndogo zaidi na bado isukume lita nne au tano kwa dakika, lazima izunguke kwa kasi zaidi. Kasi ikizidi, chembe nyekundu zinapasuka, hemoglobini inamwagika, na mkojo wa mgonjwa unageuka rangi ya chai ya rangi. Ukipunguza kasi, kuna pembe damu haifiki vizuri. Inatuama. Damu iliyotuama juu ya plastiki inaganda, na donge linapong'oka linatafuta ubongo.

Mahali pabaya palikuwa nyuma ya sahani na kwenye mhimili wake, panaposuguana na kupata joto. Wahandisi walitoboa sahani katikati ili damu ipite na kuusafisha mgongo wake. Wengine wakauondoa mhimili kabisa: sahani inaning'inia ndani ya damu kwa nguvu ya sumaku, haigusi kitu, inazunguka peke yake. Fikirini jambo hilo. Kifaa kinachosukuma uhai wa mtu, na kiini chake hakigusi popote.

Hata hivyo mgonjwa bado anapewa heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Bila hiyo Gibbon asingefika popote. Lakini damu isiyoganda kwenye mpira haigandi kwenye jeraha pia, wala kwenye kichwa cha mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, na wengi waliopotea kwenye tiba hii walipotea kwa kuvuja damu. Kwa hiyo kuna muuguzi mwenye tochi. Kila zamu anainama, anamulika pafu, anamulika kila kiungo cha mpira, anatafuta doa jeusi au uzi mweupe unaoanza kujisokota pale plastiki mbili zinapokutana. Viungo vikiwa kumi na viwili, anamulika kumi na viwili. Aliyebuni kifaa ambamo pampu na pafu vimo ndani ya boksi moja, bila mpira katikati, alimpunguzia muuguzi yule mahali pa kumulika, na mgonjwa mahali pa kufia. Kwangu mimi, hapo ndipo udogo unapopata maana yake.

Jina ambalo watu wa fani hii hulitamka kwa heshima ni la daktari Robert Bartlett. Mwaka 1975, huko Orange County, California, alikuwa na mtoto mchanga wa kike aliyevuta choo mapafuni, kama yule niliyeanza naye. Mama yake alikuwa ametoka Mexico. Bartlett alimuunganisha na mashine ambayo mpaka wakati ule ilikuwa ya majaribio, na baada ya siku chache mapafu yake yakapona. Wauguzi walimpa jina, Esperanza, yaani Tumaini kwa Kihispania. Alikua, akawa mtu mzima. Ekmo haiponyi pafu, na hili watu wengi hulikosea. Inaliachia pafu muda wa kupumzika, kama unavyolifunga gango tawi lililovunjika.

Miaka imepita, na vifaa vimepungua hadi kubebeka. Mashine iitwayo Cardiohelp ina uzito wa kilo kumi hivi, inaingia kwenye helikopta. Paris, madaktari wa magari ya dharura wamemuunganisha mgonjwa pale pale alipoangukia, hata ndani ya jumba la makumbusho la Louvre. Pittsburgh na Maryland kuna wahandisi wanaotafuta pafu la kuvaliwa mwilini, ili anayesubiri kupandikizwa mapafu asubiri akiwa wima. Na wapo tayari wanaotembea. Mpira mmoja wenye njia mbili ndani umewekwa shingoni badala ya mipira kwenye mapaja, na mgonjwa anatembea kwenye korido, muuguzi anasukuma mashine nyuma yake. Mguu usiotembea unanyauka haraka sana, na mgonjwa aliyelala mwezi mzima anaweza kufika siku ya upandikizaji akiwa hana nguvu ya kuuvumilia.

Lakini kuna kitu hakipungui: mtungi wa oksijeni. Pafu la bandia linatoshea kiganjani na mtungi wake bado unahitaji kigari. Ndiyo maana wabunifu wengine wameanza kuunganisha na kifaa mashine ndogo ya kuchuja oksijeni kutoka kwenye hewa ya chumba.

Naona mnaniuliza, haya yanatuhusu nini? Yanatuhusu. Kwenye Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, pale Muhimbili, Dar es Salaam, wanafungua mioyo ya watu, na kila moyo unaosimamishwa unategemea jamaa hawa wawili, pampu na oksijeneta. Wengi wa vijana wanaofika kwenye meza za namna hiyo katika ukanda wetu waliharibikiwa na vali za moyo kutokana na kidonda cha koo ambacho hakikutibiwa walipokuwa wadogo. Oksijeneta hutumika mara moja, ikatupwa. Damu ya kujazia inatoka kwa yule ndugu aliyeitwa kwa simu aje kuchangia. Kwa hiyo kifaa kinachotaka damu kidogo kwetu si anasa. Chupa moja ya damu iliyobaki kwenye friji ni ya mama anayevuja wodi ya wazazi.

Sitasema kila hospitali ya mkoa ipate ekmo kesho. Mgonjwa mmoja wa ekmo anahitaji muuguzi kando yake usiku na mchana, na hospitali ambayo mtungi wa oksijeni unaisha alfajiri inahitaji oksijeni kwanza. Hilo nalisema bila kusita. Ila wanaobuni huko wangefanya kazi yao tofauti kama mezani pao kungekuwa na mtu anayejua umeme unavyokatika. Wenyewe wanajua kidogo, kwa sababu kando ya mashine hizi huning'inia mpini. Umeme ukikatika na betri ikafa, muuguzi anahamisha kichwa cha pampu, anashika mpini na kuzungusha kwa mkono, kama cherehani ya mkono, jicho lake kwenye kipimo, hasimami, mpaka jenereta iwake. Nawaza ni mikono mingapi imekwisha kuzungusha hivyo gizani, hapa na kwingine, bila mwenye moyo ule kujua.

Narudi kwenye chupa yangu. Berlin, Ujerumani, kuna kundi la wataalamu waliolishika jambo la upasuaji wa moyo wa watoto wachanga kwa ukaidi. Waliisogeza pampu mpaka karibu na mtoto, wakafupisha mipira, wakachagua myembamba zaidi, wakachagua pafu dogo kuliko yote, wakapunguza sentimita baada ya sentimita, kwa miaka. Sasa mzunguko wao wote kwa mtoto mchanga unajazwa kwa karibu mililita 100, na baadhi ya watoto wao wanapasuliwa moyo na kurudi wodini bila kuongezewa hata tone la damu ya mtu mwingine.

Hapa nina jagi la maji na finjani ya kahawa, ile ndogo ya wauza kahawa wa barazani. Nawamiminia mililita 100, msikilize. Moja. Na ya pili, haijajaa.